Nakala ya Mlalamikiwa

Wateja walimwita Sindano kwa sababu mbili: alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulichoma. Mumewe hakuupenda ulimi huo. Kwa miaka sita alijaribu kuunyamazisha kwa ngumi. Alipomvunja mkono, Sindano alivumilia mpaka mfupa ukaunga, kisha akabeba cherehani yake akaondoka.

Dada yake ndiye aliyemtafutia chumba nyuma ya kiwanda kidogo cha mikate, mahali ambapo katika ukoo mzima wao wawili tu walipajua. Dada huyohuyo alimsindikiza mahakamani kuomba amri ya ulinzi. Karani, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimsogezea fomu.

"Hapa andika unapoishi sasa."

Sindano akasita. "Ni lazima?"

"Bila anwani haipokelewi, mwanangu. Usiwe na wasiwasi, inakaa kabatini kwangu."

Akaandika mtaa, namba ya nyumba, na kwamba mlango ni wa nyuma. Hakimu akaamuru mume asimkaribie mkewe kwa hatua mia mbili. Wiki hiyo Sindano alilala usingizi wa pono.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, alikuwa akikunja pindo la sare ya shule aliposikia hodi aliyoifahamu vizuri mno.

"Mke wangu, fungua tuyamalize. Mbona unanitia aibu kwa watu?"

Alisukuma meza ya cherehani mlangoni, akapiga yowe. Waokaji walitoka mbio, unga umewajaa mpaka viwikoni. Mume akaondoka taratibu, kama mtu aliyepita tu kusalimia.

Sindano akampigia dada yake.

"Umeniuza."

"Nimekuuza? Kwa nani?"

"Nani mwingine anajua ninapokaa? Sema, alikupa nini?"

"Mdogo wangu, naapa..."

"Usiniite mdogo wako! Huna mdogo." Akakata simu.

Alilia kuliko siku ile ya mkono. Ngumi za mume alikuwa amezizoea. Lakini dada, aliyemwogesha mkono ukiwa kwenye plasta, aliyemlisha kwa kijiko!

Mwokaji mmoja akabisha, akampa karatasi. "Yule bwana ameidondosha kwenye ngazi."

Ilikuwa na mhuri wa mahakama na maneno haya juu: Nakala ya Mlalamikiwa. Chini yake, kwa mwandiko wa Sindano mwenyewe: mtaa, namba ya nyumba, mlango wa nyuma.

Kesho yake akaiweka mbele ya karani. Mzee akavua miwani.

"Sheria inataka mlalamikiwa apewe nakala ya fomu nzima."

"Uliniambia inakaa kabatini kwako."

"Fomu yenyewe ndiyo inakaa kabatini," alisema, macho yake yakikwepa ya Sindano.

Miezi miwili baadaye, kamati ya kukusanya maoni kuhusu sheria ya familia ilikaa ukumbini. Sindano akasimama.

"Waheshimiwa, mimi sheria sijaisoma. Naomba mfiche mistari mitatu tu ya ile fomu."

"Lakini amri ya ulinzi ulikuwa nayo?" mwenyekiti akauliza.

"Nilikuwa nayo. Ndiyo iliyomwelekeza kwangu."

Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa: anwani ya mlalamikaji iwekwe kwenye bahasha ya siri, aifungue hakimu peke yake. Wakati huo Sindano alikuwa amehama mara mbili.

Siku alipoisikia habari hiyo redioni, alijikaza kisabuni akaenda kwa dada yake. Alikaribishwa kiti na chai. Akaeleza yote, akaomba msamaha.

"Nimekusamehe," dada alisema, akiizungusha chai yake bila kuinywa.

"Basi nikuelekeze ninapokaa siku hizi, uje..."

"Hapana." Dada aliinua kiganja. "Usiniambie. Likitokea jambo tena, sitaki niwe wa kwanza kushukiwa."

Sindano akanywa chai yake mpaka ikaisha. Siku hiyo ulimi haukumsaidia kitu.