Vidole Gumba Thelathini na Moja

Kundi la jengo lilianzishwa kwa ajili ya maji. Mabomba ya pale yalikuwa na tabia za bwana harusi: yanatangazwa saa mbili, yanafika saa tano, na yakifika kila mtu anakimbia na chombo chake kupokea. Fundi wa friji wa ghorofa ya tatu akachoka kuulizwa ngazini, "Leo maji yapo?" Akaunda kundi la simu, akaingiza wapangaji wote thelathini na wawili, akajipa cheo cha kuliongoza. Tangu siku hiyo jina lake likapotea. Akawa Admini, hata kwa mama yake mzazi.

Miongoni mwa aliowaingiza alikuwemo jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mzee mjane aliyestaafu kazi ya kupima mvua na upepo. Mzee huyo alilichukulia kundi kama redio ya taifa. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, alituma Tafakari ya Leo. Tena si mistari miwili ya kutakiana heri. Ni maandishi marefu kama treni ya mizigo: ukame, vita, vijana wasio na kazi, mashine zinazofikiri badala ya watu, wazee wanaosahaulika, na mwisho binadamu anaelekea wapi. Admini akambatiza Mzee Utabiri, na jina likashika kuliko gundi.

"Jamani," Admini aliwaambia wenzake siku moja kwenye foleni ya maji, "yule msimjibu kwa maneno. Ukimpa neno moja anakurudishia kurasa mbili. Mpigieni kidole gumba tu. Kidole hakiulizwi swali."

Watu wakacheka, na ushauri ukawa sheria. Mzee akituma, vidole vinamiminika. Cha kwanza daima kilikuwa cha Admini, ambaye hakuhitaji hata kufungua macho yote mawili. Alijua kilipo kwa kupapasa.

Mzee hakuwa na habari. Wakikutana kwenye korido alimshika bega. "Kijana wangu, naona wewe ndiye wa kwanza kunisoma."

"Mzee, bila tafakari yako chai haishuki."

Basi mzee anacheka, anaweka sawa kola ya shati, anashuka ngazi kama mtu aliyepandishwa cheo.

Alhamisi moja, Mama Pacha, fundi cherehani wa chini, alitaka kujua zamu yake ya maji ni lini. Akawa anapandisha mazungumzo ya kundi kwa kidole, akiitafuta ratiba. Akapita ugomvi wa takataka, akapita tangazo la jiko linalouzwa, akafika kwenye tafakari ya Jumatatu. Kidole kikateleza, maandishi yakasimama, na jicho likaangukia karibu na mwisho. Alisoma mstari mmoja, akatupa nguo ya mteja, akapanda ghorofa tatu bila viatu.

"Admini! Fungua! Wewe, mzee anasema hawezi kusimama!"

"Mzee gani? Anasema saa ngapi?"

"Jumatatu!"

Admini alitoka na nyundo na patasi, maana katika jengo lile milango ya chuma ndiyo iliyokuwa imara kuliko yote. Akajiweka sawa, akainua nyundo. Mama Pacha akausukuma mlango kwa kiganja tu. Ukafunguka. Komeo lilikuwa limetolewa.

Mzee alikuwa sakafuni, amejiegemeza kwenye kitanda, shuka imefika kifuani, simu mapajani, imezimika. Kikombe kilikuwa kando yake, kikavu. Daktari aliyekuja na gari la hospitali alimkuta ameshafariki, akasema ni kiharusi. Upande mmoja ulikuwa umekufa, na huenda ulimi nao. Ndiyo maana hakupiga simu wala kupiga kelele. Alibakiwa na mkono mmoja wa kuandikia.

"Aliishi muda gani hivi?" Mama Pacha akauliza.

"Siku mbili," daktari akasema. "Labda na nusu."

Ijumaa ikaja habari kwamba binti yake, aliyekuwa akifanya kazi nchi ya mbali, atafika Jumamosi mchana. Hapo ngazi zikageuka baraza. Wapangaji walijaa kuanzia chini hadi juu, na kwa mara ya kwanza tangu jengo lijengwe hakuna aliyezungumzia maji. Kila mmoja alikuwa ameupandia ujumbe wa Jumatatu, akauona, na chini yake akauona mstari wa vidole: thelathini na moja. Jengo zima, kasoro marehemu.

"Futa," akasema jamaa wa duka la vipuri.

"Nifute nini?"

"Usijifanye mgeni. Wewe ndiye kiongozi wa kundi, ujumbe wa mtu yeyote unaweza kuufuta kwa wote. Simu ya mzee ina namba ya siri, hakuna wa kuifungua. Ukiufuta wewe, umekwisha."

"Ni dhambi," mmoja akanong'ona.

"Dhambi ni kumwonyesha mtoto wa watu kitu kama kile! Unataka azike baba huku anahesabu vidole?"

Admini akamtazama Mama Pacha, akitumaini yeye atakataa. Mama Pacha alikuwa anajifuta macho kwa pindo la kanga. "Maji yamemwagika, mwanangu," akasema. "Hayazoleki. Lakini mtu unaweza kupangusa sakafu mgeni asiteleze."

Admini akawaacha ngazini. Akaingia chumbani kwake. Akaugusa ujumbe, akaushikilia, neno *Futa* likatokea. Akakaa nalo. Kilichomchoma hakikuwa vile vidole thelathini vingine. Kilikuwa kile cha kwanza na saa yake: kumi na mbili na nusu, dakika ileile ya ujumbe. Aliandika mtu kwa mkono mmoja, pengine kwa saa nzima, na yeye akamjibu kabla hajamaliza kupiga mwayo. Ukuta uliowatenganisha ulikuwa wa tofali moja. Kikohozi cha mzee alikuwa akikisikia kila siku. Kwa nini hakusikia kwamba siku hizo hakukuwa na kikohozi?

Aliliacha lile neno likatoweka lenyewe.

Binti alifika na begi dogo, mwanamke wa makamo, macho makavu ya mtu aliyelia safari nzima. Walimpokea, wakampa pole, wakampa kiti cha mzee. Baada ya chai akauliza, "Admini ni nani?"

Korido nzima ikamgeukia.

"Ni mimi, dada."

"Baba alinisimulia habari zako. Alisema kuna kijana mmoja hapa anamsoma kabla ya wote." Akavuta kiti karibu. "Naomba unisomee ya mwisho. Ile aliyowatumia ninyi. Yote."

Jamaa wa vipuri alikohoa kwa makusudi. Admini alitoa simu. Angeweza bado kusema imepotea. Akaifungua, akasoma, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma maneno ya mzee yule tangu mwanzo.

"*Jirani zangu, amani iwe kwenu. Hii ni tafakari ya mia mbili na kumi na nne. Kwa miaka thelathini na mitatu nilisoma kipimo cha mvua kila asubuhi, na nimeona tarakimu zikipungua. Watu huniuliza, je, dunia itaishaje? Sidhani itaisha kwa kishindo. Joto litapanda, maji yatakuwa haba, na hayo yote tungeyamudu kama tungekuwa tunajuliana hali. Ninaloliogopa ni siku ambayo kila mtu atakuwa na habari za watu wote, na asijue hali ya mmoja.*"

Akaishusha simu.

"Endelea," binti akasema.

"*Halafu kuna jambo dogo. Tangu jana jioni mguu wa kushoto na mkono wake vimegoma. Nimejikokota hadi mlangoni, nimetoa komeo. Atakayepata nafasi, si lazima sasa hivi, asukume tu. Maji ya kunywa yamebaki kikombe kimoja. Nawatakia kazi njema. Wenye watoto wawavishe nguo nzito, upepo wa leo ni wa baridi.*"

Kwa malezi ya mzee yule, mtu mwenye adabu haanzi na shida yake. Huanza na salamu, kisha ya dunia, na yake huiweka mwisho, tena kwa kuiita ndogo.

"Ilifika saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu." Admini akaizima simu. "Nilimpigia kidole, dada. Sikusoma. Hata moja sijawahi kuisoma. Mimi ndiye niliyewafundisha na hawa. Nilikuwa hapo, nyuma ya ukuta huo, nimelala."

Akangoja kofi, au tusi, au kilio. Angepokea lolote kwa shukrani.

Binti alifungua mkoba, akatoa simu yake, akaiweka juu ya meza kati yao, kioo kikitazama juu. Ujumbe ulikuwa uleule, neno kwa neno, na ulimfikia dakika ileile. Chini yake, peke yake, kilikaa kidole gumba kimoja cha njano.

"Nilikuwa kwenye basi naenda kazini," akasema. "Nilitaka tu kujua kama kulikuwa na hata mmoja aliyesoma."