Rangi Nyekundu Ukutani kwa Dada

Watu wa filamu wana tabia moja ambayo fundi rangi hakuwahi kuimeza. Wakitaka mwizi akimbie, wanamleta mtaani kwa fundi. Wakitaka wapendanao washikane mikono, wanakwenda kwenye maghorofa ya vioo. Filamu nenda, filamu rudi, uchochoro ni ule ule, mtaro ni ule ule, na jambazi anaruka ukuta wa dada yake kana kwamba nyuma ya ukuta ule hajawahi kukaa mtu akapika, akasali, akasomesha mtoto.

Hata hivyo alikuwa akizitazama, hasa zile za zamani. Hadithi hakuifuata. Yeye alitazama nyuma ya waigizaji. Mtu anapigwa ngumi, fundi anakiona kiwanda cha mafuta ambacho leo ni duka la magari. Msichana analia kwa kuachwa, fundi anauona uwanja wa mpira kabla haujawa maegesho. Mji ulikuwa umeliwa mtaa baada ya mtaa, wakubwa wakaita maendeleo, na waliohamishwa wakatupwa huko nje ya mji ambako hata maji ni ya kubembeleza. Ulibaki mtaa wao tu, umezungukwa na vioo kila upande, na dada yake mkubwa akiishi nyumba ya kona walimozaliwa wote wawili.

Basi mpwa wake alipokuja kusema filamu nyingine inakuja, fundi alimkatisha kabla hajamaliza. Mpwa huyu alikuwa mtoto wa pekee wa dada yake. Mtaani walimwita Mandhari, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu wa filamu mahali pa kupigia picha.

"Mwizi gani tena safari hii?" fundi akauliza.

"Hamna mwizi, mjomba. Ni filamu ya mama anayevunjiwa nyumba. Watu waone tunavyofanyiwa. Na kazi ya rangi ni yako."

Kazi yenyewe ilikuwa kupiga alama ya X nyekundu kwenye nyumba za mtaa mzima, kama zile ambazo manispaa hupiga kwenye nyumba zinazosubiri kuvunjwa. Fundi alilainika. Aliona kwamba kwa mara ya kwanza kamera ingesimama upande wao. Akazipiga zile alama kwa moyo wote, na chini ya kila moja akaandika namba za uongo, zikanyooka hata majirani wakasema manispaa yenyewe haiwezi kufanya hivyo. Kinyozi aliomba yake iwe kubwa zaidi ili wateja waione kutoka mbali.

Dada yake peke yake ndiye aliyekataa.

"Ukuta wangu hapana," alisema. "Nimeupaka chokaa juzi tu. Wakachezee kwa wengine."

Wakamwacha. Kwa wiki kadhaa mtaa ukajaa watu wenye vizibao vya njano, nyaya, mataa na vipaza sauti. Mara utamkuta askari akinywa soda na mtu anayemkamata, mara karani wa manispaa wa kuigiza anarudia maneno yale yale mpaka watoto wameyakariri. Watu walizoea. Ukimkuta mtu analia barabarani, unampita.

Asubuhi moja fundi alipita kwa dada yake, akaikuta X kubwa nyekundu kwenye ukuta ule mweupe.

"Wamekushawishi?" akauliza.

"Si vijana wako hao? Wamekuja na vizibao vyao, wakapaka kabla sijafungua mdomo. Mmoja akanisomea maneno, eti nyumba ipo kwenye njia ya kuingilia ghorofa jipya, eti nipeleke pingamizi kabla mwezi haujaisha. Nikamwambia, kijana, umesema vizuri, lakini yule wa juzi alikuwa na sauti nzito kuliko wewe. Rudia." Dada akacheka mpaka akajifuta macho. "Akarudia, maskini. Nikawapa maji wakaenda."

Fundi naye akacheka. Kilichomuudhi ni rangi. Ilikuwa imechuruzika, mguu mmoja wa X mrefu kuliko mwingine, namba zimelala ovyo. Alijua watu wangedhani ni kazi ya mkono wake. Akachukua brashi, akafuta michirizi, akazinyoosha namba moja moja, akaipaka upya ile alama mpaka ikang'aa.

Jioni Mandhari alikuja kumwona mama yake. Alisimama mbele ya ukuta ule kwa muda mrefu. Fundi akadhani anaisifu kazi moyoni.

Mwezi ukaisha. Ikafika siku ya kupiga picha ya mwisho. Mpango ulijulikana na kila mtu: tingatinga litakuja mpaka kwenye ukuta wa kinyozi, litasimama, na mwigizaji anayecheza mama atalia. Lakini tingatinga lilipoingia, mwigizaji bado alikuwa anapakwa poda. Fundi akafikiri wamewahi. Kisha akaona kwamba dereva hatazami kamera hata kidogo, na kwamba limepita kwa kinyozi, likaenda kusimama kwenye kona. Nyuma yake walifuata afisa mmoja na askari ambao fundi hakuwahi kuwaona wakinywa soda.

"Si hapa," fundi alimwambia afisa. "Picha ni kwa kinyozi."

"Hizo za huko ndizo za picha," afisa akajibu. "Hii ni yetu. Mama alitangaziwa mwezi uliopita, hakuleta pingamizi. Vijana wangu wanasema aliwacheka."

"Alidhani ni waigizaji. Mtaa mzima una alama."

"Mzee, mimi sihusiki na alichodhani." Afisa akaugusa ukuta kwa kidole. "Na alama ndiyo hii, safi kabisa. Siku hizi vijana wangu wanapaka vizuri."

Damu ilimpanda fundi mpaka masikioni. Alitamani ardhi impasukie, halafu akatamani impasukie mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa amesimama pembeni ya kamera na kizibao chake cha njano, akitazama viatu vyake.

"Ulijua," fundi akasema.

"Mjomba..."

"Nijibu."

"Siku ile nilipoiona ile alama nilijua si ya kwetu." Mandhari alitafuna maneno. "Nikamwambia mwongozaji. Akasema tukianza kuvutana na manispaa sasa hivi wanatufungia kila kitu, kibali chenyewe ni chao. Akasema tumalize kwanza. Nikadhani tungemaliza mapema, niende mwenyewe na mama kuweka pingamizi."

"Ukakaa kimya, na mama yako anasimulia kila siku alivyowachekesha wale vijana."

"Ratiba ilisogezwa, mjomba. Ikasogezwa tena."

Mkono wa fundi ulinyanyuka wenyewe. Aliushusha kwa sababu dada yake alikuwa ametoka mlangoni na anawatazama. Hakuuliza kitu. Yawezekana alikuwa amesikia, yawezekana uso wa mwanawe ulitosha. Alirudi ndani. Majirani wakaja mbio, kinyozi mbele, wakatoa kitanda, kabati, masufuria, godoro. Fundi alibeba huku anatukana, akimtukana afisa, ghorofa, filamu zote zilizowahi kupigwa mtaani pale, na mkono wake mwenyewe uliozinyoosha zile namba.

Dada alitoka wa mwisho. Akauvuta mlango, akafunga kwa ufunguo, akausukuma kidogo kuhakikisha umefunga. Halafu akashuka barazani akaenda kukaa juu ya godoro lake barabarani, akiupa ukuta mgongo. Tingatinga halikuchukua muda. Nyumba ya watu iliyojengwa kwa miaka ilikwenda chini kabla vumbi la kwanza halijatua.

Kamera ilikuwa inafanya kazi muda wote. Fundi aliliona hilo baadaye, vumbi lilipopungua. Aliona pia mwongozaji akimnong'oneza Mandhari. Mwongozaji huyo alikuwa mtu mpole wa sauti ndogo, kila kitu kwake ni "naomba" na "samahani", na fundi alimchukia zaidi kwa upole huo. Mandhari alitikisa kichwa. Mwongozaji akamshika bega, akaendelea kunong'ona. Mwishowe Mandhari akaja, polepole, mpaka mbele ya godoro.

"Mama," alisema. "Wanasema ulipofunga mlango... wanasema ilikuwa nzuri sana. Ila kamera ilikuwa imeangalia kwingine. Wanauliza kama unaweza kurudia. Kwenye mlango wa kinyozi."

Dada alimtazama mwanawe kama mtu anayetafuta mahali alipomwona.

"Mwambie bosi wako mimi sijui kuigiza," alisema. "Na wewe ulikuwepo. Wewe uliona. Rudia wewe."

Mandhari akachuchumaa palepale, kizibao kikapanda mpaka mashavuni, akaanza kulia. Hakikuwa kilio cha mwigizaji. Kilikuwa kibaya, cha makamasi, cha mtu mzima asiyejua pa kuweka mikono. Fundi hakumwonea huruma. Alitaka alie mpaka akauke.

Kisha akamwona mwongozaji akiinua kiganja kuwanyamazisha watu wake, na kamera ikigeuka taratibu kutoka kwenye kifusi kuja kwa mpwa wake.

Fundi aliruka sufuria, akaenda kusimama kati ya kamera na yule kijana, karibu kabisa, mgongo wake mpana wenye madoa ya rangi ukaziba kila kitu. Hasira yake kwa Mandhari ilikuwa haijapungua hata chembe.

"Samahani mzee, naomba usogee kidogo," mwongozaji akasema.

"Sisogei," fundi akajibu bila kugeuka. "Mmeshachukua nyumba. Huyu ni wetu, tutagombana naye wenyewe."