Nta Mdomoni mwa Mama Yuliana

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne na robo asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Mama Yuliana wa Mgeta alikuwa kwenye kiti cha kliniki ya meno, hana jino hata moja, nta ya moto katikati ya fizi. Dokta Irene alikuwa amemwambia aume taratibu, atulie mpaka ipoe. Nta hiyo ndiyo inayotuonyesha taya la chini linakaa wapi chini ya lile la juu. Ikikosea nta, meno yote ya bandia yamekosea.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Evance, mfawidhi wa kituo chetu, akaingia na wageni wenye tai.

"Shikamoo, mama!" akasema kwa sauti, ili wageni wamwone ana adabu.

Sasa mama wa milimani ataiachaje shikamoo hewani? Akajibu, "Mahaa-ba," nta humo humo mdomoni. Wageni wakacheka, wakapiga picha, wakaondoka na Dokta Irene akawaeleze mashine. Nta ikapoa hivyo hivyo, ikaletwa kwangu nyuma. Nilikuwa nimeyaona yote nikiwa kwenye mlango wa nyuma.

Mimi ni Fransisko, fundi wa chumba cha plasta. Shule niliishia darasa la saba. Kazi nimejifunza kwa kuangalia, mwaka wa ishirini na moja huu. Nikaloweka modeli za taya za mama, zile sanamu za plasta, maana modeli kavu inanyonya maji ya plasta halafu inabanduka. Nikazikutanisha kwa nta yake, nikazifunga kwenye atikuleta, kile chuma chenye bawaba kinachofumbua na kufumba kama mdomo wa mtu. Plasta ilipokamata, nikatoa nta, nikafumba. Taya la chini limetoka mbele, limekwenda kushoto, kama la mbuzi anayecheua.

Nikampelekea Bwana Evance. "Mkuu, tumrudishe mama apimwe upya. Bado yuko sokoni, gari lao linaondoka saa tisa."

"Mzee, cheti chako cha meno umekipata wapi?"

"Sina."

"Basi funga ulicholetewa. Ijumaa nataka kazi zote zimekwisha."

Nikarudi zangu nyuma. Watu hawa nawajua. Mke wangu Winfrida alipozidiwa, gari la kituo halikuwa na mafuta. Siku ya kumzika, gari lile lile lilipata mafuta ya kuwaleta wakubwa msibani.

Nikagonga plasta, nikazitoa modeli zikiwa nzima. Nikachukua nta mpya na chupa ya chai yenye maji ya moto, nikashuka sokoni. Fuso la Mgeta lilikuwa limeshashusha kabichi. Mama Yuliana kakaa juu ya tenga tupu.

"Shikamoo mama. Ile nta imeharibika. Turudie hapa hapa."

"Marahaba baba. Rudia. Lakini nta ikiingia, leo simwitikii mtu, hata padri."

Nikalainisha nta, nikaiweka. "Kunja ulimi uguse nyuma kabisa. Meza mate. Uma."

Dereva akachungulia. "Mzee, unamlisha mama wa watu mishumaa?"

Watu wakacheka. Kijana mmoja, kwa makusudi, akapaza sauti: "Shikamoo mama!" Mama Yuliana akamnyooshea kidole tu, akatulia kama jiwe. Nta ikapoa.

Niliporudi kituoni nikafunga tena, taya lilikaa sawasawa. Nikapanga meno kwenye nta, juu na chini, nikafumba na kufumbua mara nyingi kuliko inavyohitajika. Yalikutana yote. Kilichobaki ni mama kuyajaribu, halafu yapikwe yawe magumu.

Ijumaa nikapewa barua: nimehudumia mgonjwa nje ya kituo bila kibali, nikae nyumbani mpaka kikao cha nidhamu. Dokta Irene aliwaambia wakubwa wazi kwamba nta ya kwanza ilikuwa mbovu. Wakamwambia naye asubiri kikao. Atikuleta yenye meno ya mama ikafungiwa kabatini, ufunguo anao Bwana Evance.

Wiki ya tatu sasa. Kikao hakijakaa, na mimi nakunywa chai peke yangu. Mama Yuliana anapiga simu kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, anasema bado anakula uji tu na ndizi za kupondwa. Swali lake nimelipeleka kwa Bwana Evance mara mbili, nikaambiwa mlangoni kwake nimwache mkubwa afanye kazi. Leo mama kaniuliza tena:

"Baba, nije lini?"