Pole, Ahadi, Mlango

Mafunzo yalifunguliwa kwa sala, kwa kuwa Nakuru hakuna kikao kinachoanza bila sala, hata kile cha kujifunza namna ya kutosema. Muiruri, mkurugenzi wa kiwanda cha dawa, alimwomba Mungu awajalie wafanyakazi wake hekima mbele ya wakaguzi wa dawa, waliotarajiwa Ijumaa, na mbele ya waandishi wa habari, ambao hawana siku. Kisha akamkaribisha Natalie.

Natalie alikuwa msomaji wa habari katika runinga kabla ya kuhamia Milimani, mtaa wa wenye pesa, na kugundua kwamba wanaoogopa maswali hulipa vizuri kuliko wanaoyauliza. Alisimama katikati ya kantini, mikono mitupu.

"Mambo ni matatu tu," alisema. "Pole, ahadi, mlango. Unampa mtu pole, lakini hukiri kosa. Unampa ahadi, lakini hutaji siku. Halafu unasimama, unamfungulia mlango. Ukibaki umeketi baada ya ahadi, umekwisha."

"Na akikataa kutoka?" aliuliza Kibii, bawabu, aliyeitwa mafunzoni kwa sababu kamera huanzia getini.

"Mwite kwa jina. Mtu akiitwa kwa jina huona amesikizwa."

"Hiyo hata pasta wetu anajua, madam. Anakuita jina ndio utoe sadaka."

Watu walicheka. Wangui hakucheka. Alikuwa mfamasia na mkuu wa ubora, na tangu wiki iliyotangulia mitandao ilikuwa ikisema kwamba watoto wa Elburgon walikuwa wameugua baada ya kunywa dawa ya kikohozi iliyotoka katika kiwanda hicho. Muiruri aliuita uvumi huo kazi ya washindani. Wangui alijua jambo ambalo washindani hawakulijua: glaiserini, ule uji mtamu unaobeba dawa, safari hiyo ilinunuliwa kwa muuzaji mpya, na kiwanda kilikiamini cheti chake bila kuipima. Alikuwa ameomba chupa ziondolewe madukani mpaka ipimwe.

"Baada ya wakaguzi," Muiruri alimjibu. "Ukiziondoa leo, Ijumaa utawaambia ulikuwa unatafuta nini?"

Wangui alikubali kungoja. Kungoja ni uamuzi kama uamuzi mwingine wowote, isipokuwa hakuna anayeutia sahihi.

Kabla ya kufunga mafunzo, Natalie alitoa mashauri mawili. La kwanza, namba ya simu iliyoandikwa kwenye chupa ipokewe na sauti iliyorekodiwa. La pili, Alhamisi angemtuma mtu wa kuwajaribu. "Pengine mwandishi. Pengine mama mwenye chupa na machozi. Sitawaambia ni nani, wala saa."

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Kibii alipiga simu kutoka getini.

"Daktari, yule mama wa mazoezi amefika. Huyu wamemlipa vizuri. Analia kabisa."

Muiruri, aliyetaka kujionea, alisimama kwenye ujia nje ya ofisi ya Wangui. Mama aliyeingia alikuwa na viatu vyenye udongo mwekundu uliokauka na leso iliyofungwa kichwani kwa haraka. Aliiweka chupa juu ya meza. Ilikuwa imebaki nusu.

"Wewe ndio daktari wa hii dawa?"

"Ndiyo. Karibu uketi. Nikuite nani?"

"Mama Abby. Nimetoka Elburgon. Nimepiga hiyo namba yenu mpaka nikachoka, inaniambia ati simu yangu ni ya maana." Alipangusa uso kwa kiganja. "Mtoto hajakojoa tangu jana asubuhi. Uso umefura. Yule daktari wa dispensari ameniambia nikuje niwaulize mlitia nini ndani, ndio ajue atamsaidia aje."

Wangui alimtazama kwa heshima fulani. Mtoto asiyekojoa baada ya kunywa dawa tamu: hicho ni kisa ambacho kila mfamasia amekisoma, kwa kuwa kimewahi kuua katika nchi zaidi ya moja. Natalie alikuwa ameifanya kazi yake kwa makini. Hata udongo wa viatuni ulikuwa umefikiriwa.

"Pole sana, Mama Abby," alisema. "Afya ya mtoto wako ndiyo jambo la kwanza kwetu. Tutalichunguza suala hili kwa kina na kukupa majibu."

"Lini?"

"Mara tu uchunguzi utakapokamilika, Mama Abby."

"Lakini mimi sijakuja kuchunguziwa. Niambie tu ni nini iko ndani."

Wangui alisimama. Akaufungua mlango.

Mama huyo alimtazama kwa muda, kama mtu anayengoja mwingine mwenye akili aingie chumbani. Kisha akatoka, chupa akaiacha. Hatua zake ziliponyamaza, Muiruri alipiga makofi.

"Safi kabisa. Ijumaa uwe hivyo hivyo."

Simu ya Natalie iliingia jioni, Wangui akikusanya vitu vyake aende nyumbani.

"Wangui, mniwie radhi. Mama wangu wa maigizo amekwama Naivasha tangu asubuhi. Jaribio tutalifanya wiki ijayo."

Wangui aliitazama chupa. Muhuri wa tarehe ulikuwa wa mchanganyiko wa glaiserini mpya. Alikimbia hadi getini.

"Alienda kitambo, Daktari," Kibii alisema. "Nilimfungulia geti mwenyewe. Hata nikamwita kwa jina."

Ilimchukua muda kuipata namba ya dispensari. Aliyepokea ndiye aliyekuwa amemtuma mama huyo. Wangui alimweleza kwamba dawa huenda ina sumu inayoua figo, na kwamba mtoto alihitaji mashine ya kusafisha damu bila kukawia.

"Ameshakata roho," yule mtu alisema. "Tulimweka kwenye ambulensi saa ile mama yake alirudi bila jibu. Hawakufika hata Njoro, njiani kuja huko Nakuru." Kisha akauliza, "Mbona hukumwambia akiwa hapo kwako?"

Ijumaa Muiruri alifungua kikao kwa sala. Natalie aliketi nyuma, karibu na ukuta. Mkaguzi mkuu, Kiprotich, mtu mpole mwenye miwani, aliuliza swali ambalo kila mtu chumbani alikuwa amekaririshwa jibu lake: je, kiwanda kimepokea lalamiko lolote kuhusu dawa hii?

Muiruri alimgeukia Wangui na kutikisa kichwa polepole, kama mwalimu anayemkumbusha mwanafunzi bora.

Wangui aliiweka ile chupa mezani.

"Jana, baada ya chakula cha mchana," alisema. "Nililipokea mimi. Mtoto alikuwa bado hai. Mama yake aliniuliza ni nini kiko ndani; nikampa pole, nikampa ahadi, nikamfungulia mlango."

Kiprotich aliacha kuandika.

"Nililijibu vizuri," Wangui aliendelea. "Mkurugenzi alikuwapo. Alipiga makofi."