Siku ya Super Mkole

Kila mwaka ikifika tarehe ishirini Juni, Mwanaheri haifungui redio yake. Nyumbani ni rahisi, anaishi peke yake. Sokoni Tandale hana la kufanya. Meza anayouzia choroko na maharage inapakana na ya Yasmini, binti mwuza nyanya, na Yasmini bila redio mkono hauendi.

Mwaka huu kipindi kilianza asubuhi, watu wakiwa wengi. Mtangazaji, kijana anayeitwa Elinaza, alikuwa amechangamka kama mwenye harusi.

"Siku kama ya leo, bendi ya Super Mkole ilizaliwa kwenye baa moja Manzese! Siku kama ya leo tena, miaka minne baadaye, wakarekodi ule wimbo wa mwanaume anayemwomba msamaha mama mkwe. Kiongozi wao aliipenda mno tarehe hii. Kila jambo kubwa alilipanga liangukie hapa, hadi harusi za wanamuziki wake! Na leo ninaye studio mpiga gita la solo, mzee Augustine Mbawala. Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanaheri alikuwa akipima choroko. Aliacha mkono juu ya mzani. Sauti ile hakuwa ameisikia tangu mwaka wa msiba.

"Kuna huzuni pia," Elinaza aliendelea, akishusha sauti kidogo. "Ile ajali ya Mlandizi mwaka tisini na nne, bendi ikirudi kutoka Morogoro kwenye onyesho la mkesha wa siku hii. Tuliwapoteza watatu. Lakini leo tunasherehekea! Piga simu, chagua wimbo."

"Namba yao unaijua?" Mwanaheri alimwuliza Yasmini.

"Ee, Bi Mwanaheri! Na wewe unataka salamu?"

"Nipigie."

Yasmini alipiga, akampa simu huku anacheka. Ilipokelewa haraka kuliko walivyotegemea.

"Super Mkole hoyee! Naongea na nani?"

"Mwanaheri wa Tandale."

"Mama, punguza redio hapo ulipo, inarudisha sauti." Yasmini akaizima. "Haya, mama yangu, tukupigie wimbo gani?"

"Sitaki wimbo. Mie ni mke wa Mashaka Kondo. Yule mwimbaji." Aliisogeza simu karibu na mdomo. "Siku kama ya leo nilikwenda Ubungo kumpokea. Nilivaa gauni jipya, maana sie ndoa yetu ilifungwa tarehe hiyohiyo, aliipanga huyo kiongozi wao. Nikaacha pilau jikoni, nikamwambia jirani aniangalizie moto. Nimesimama pale mpaka jua likawa kali. Dereva mmoja wa lori akaja anasema kuna Koasta ya wanamuziki imegongana na trela Mlandizi. Watu wakakimbia kule na huku. Mie nikarudi nyumbani. Sijui kwa nini nilirudi nyumbani."

"Pole sana, mama," Elinaza alisema.

"Kila mwaka mnasema watatu. Wana majina, baba. Ni Mashaka, ni Petro wa dramu, ni Wilfred wa besi. Furahini, siwakatazi. Ila wataje."

Kwa mbali ndani ya simu ikaja sauti ya mzee. "Shemeji?"

Mwanaheri akakata. Yasmini alikuwa amemkodolea macho, mkono mdomoni.

"Bi Mwanaheri, mie sikujua."

"Ungejuaje, mwanangu."

Mteja bado alikuwa amesimama na mfuko wake wazi. Mwanaheri akaanza kupima upya.

Alasiri Augustine alikuja nyumbani kwa Mwanaheri. Alikuwa ameulizia mtaa kwa mtaa, akitembea na fimbo, mkono wake wa kushoto umening'inia. Ulikuwa umekufa kwa kiharusi, mkono uleule wa kubonyeza nyuzi. Mara ya mwisho Mwanaheri kumfungulia mlango, Augustine alikuwa na bandeji kichwani na viatu vya Mashaka ndani ya mfuko. Mwanaheri alipokea mfuko, akafunga mlango. Alipokuja tena siku ya arobaini, hakufunguliwa. Alipokuja Idd, hakufunguliwa. Mwishowe akahamia Temeke, akakoma kuja.

"Hodi."

Mwanaheri alifuta mikono kwenye kanga. "Karibu, shemeji."

Alimpa kiti, akamletea maji. Wakakaa, kila mmoja akiangalia uzee wa mwenzake.

"Nilikuchukia," Mwanaheri alisema.

"Najua."

"Hukunikosea kitu. Ila wewe ulirudi."

Augustine akaitikia kwa kichwa. "Hata mimi sikuelewa kwa nini nimerudi. Nilikuwa nimekaa karibu naye kabisa."

Hapo Mwanaheri akauliza lile alilokaa nalo miaka yote. "Alisema nini mwishoni?"

Usiku mwingi alikuwa ameyatunga mwenyewe hayo maneno. Kuna siku Mashaka aliliita jina lake. Kuna siku aliomba maji. Siku nyingine alitamka shahada, na hiyo ndiyo iliyomfariji zaidi.

Augustine aliuweka mkono mzima juu ya ule uliokufa. "Ningeweza kukupa neno zuri, shemeji."

"Usinidanganye."

"Alikuwa amelala. Tulipotoka Chalinze alikunja koti, akaegemea dirisha, akasema tukifika Ubungo tumwamshe. Basi. Hakuamka. Hakujua kitu."

"Hakuita mtu?"

"Hakuita mtu."

Mwanaheri alijifunika uso kwa kanga. Alilia kwa sauti, kilio ambacho msibani hakukilia, kwa sababu siku ile wanawake walimshika mikono wakamwambia avute subira, amshukuru Mungu. Augustine hakumwambia avute subira. Alikaa tu, naye machozi yakimshuka, mpaka kilio kikaisha chenyewe.

"Alikuwa anakoroma?" Mwanaheri aliuliza baadaye.

"Vibaya mno. Petro alimtupia ganda la chungwa."

Mwanaheri akacheka mara moja, na kicheko kikamwuma kifuani.

Tangu siku hiyo Augustine akawa anakuja kila alipopata wa kumleta. Anapewa chai, anasimulia safari za bendi, nani kagombana na nani, Mashaka kachelewa wapi. Hayo hayakudumu. Kabla ya Krismasi kiharusi kilimrudia, na safari hii hakikumwacha.

Walimzika makaburi ya Kinondoni. Wanakwaya wa parokia yake waliimba. Mwanaheri alisimama na wanawake wa ukoo wa marehemu, waliotoka Songea, na dada wa marehemu, Bernadeta, alimgeukia akamwuliza taratibu, "Samahani mama, wewe ni nani wake?"

"Shemeji yake," Mwanaheri alijibu. Bernadeta akamshika mkono, wakaenda pamoja kutupa udongo.

Njiani kurudi Tandale akakumbuka jambo ambalo hakuwahi kumwuliza Augustine: kama asubuhi ile, kabla ya kuondoka Morogoro, Mashaka alikuwa amekula chochote. Alisimama kando ya barabara, akafikiria ni nani mwingine anayeweza kujua. Hakumpata.