Nguo Safi Kutoka Tsavo

Kafedha hakuwahi kukanyaga mbuga ya wanyama, lakini ungemletea shati la dereva wa watalii angekwambia lilikotoka. Vumbi la Amboseli ni jeupe, jepesi kama majivu ya jikoni, ukilikung'uta linakupanda puani. Tope la Mara ni jeusi na hung'ang'ania pindo la suruali hata ulisugue kwa gunzi la hindi. La Tsavo ndilo alilolijua zaidi, maana ndiko mumewe alikokwenda mara nyingi. Hilo ni jekundu, na beseni la kwanza likimwagwa pale uani Kiembeni, mgeni angedhani pamechinjwa mbuzi.

Kwa miaka kumi na sita alifua nguo za Kahindi kwa mikono yake mwenyewe. Msichana wa kazi alikuwapo, wa kupika na kulea, ila kapu la nguo za bwana hakuligusa. "Nguo za mume wangu hazishikwi na mwanamke mwingine nikiwa hai," Kafedha alikuwa akisema, na ukimcheka, alikununia wiki nzima.

Wala haikuwa usafi tu. Kahindi akirudi safari alikokota kigoda, akakaa karibu na beseni na kikombe chake cha chai ya tangawizi, na mkewe akaanza kumhoji. Hili doa la nini? La grisi, tulivunja beringi ya gurudumu karibu na bwawa la Aruba, simba wawili wanatutazama kama wanaotaka kutusaidia. Na huku kifuani? Ah, hapo mama mmoja wa Kijerumani alinilalia akilia, ameona ndovu mchanga anazikwa kwa matawi na wenziwe. Doa moja baada ya jingine, hadithi moja baada ya nyingine, mpaka nguo zikatakata na chai ikapoa. Kafedha alimpenda mumewe kila siku, tusimsingizie, lakini siku za kufua alimpenda zaidi.

Kisha akafanyiwa upasuaji. Ulikuwa uvimbe wa tumbo, ukatolewa, akashonwa, na daktari akamkataza kuinama na kubeba ndoo kwa miezi mitatu. Safari ya kwanza baada ya hapo Kahindi alirudi kutoka Tsavo jioni, akauweka mkoba wake chumbani, akaenda kuoga. Kafedha akaufungua. Mashati yalikuwa yamefuliwa, yamekunjwa vizuri, na yananukia sabuni ambayo haikupata kuingia nyumbani kwake.

Aliufunga mkoba, akakaa kitandani.

Huyu alikuwa mwanamke mwenye ulimi wa kumsuta hata naibu wa chifu mbele ya watu. Siku hiyo ulimi ulimganda. Aliogopa kuuliza asije akajibiwa. Akajiambia atangoja safari ya pili, na ya pili nguo zikarudi safi. Ya tatu vilevile. Miezi mitatu ikapita, kidonda kikapona, na nguo zikaendelea kurudi safi. Basi akaamua mwenyewe, bila shahidi wala baraza, kwamba kule Tsavo kuna mwanamke.

Tangu hapo hakumuuliza Kahindi habari za mbuga. Kahindi akianza, "Leo nimeona kituko," yeye alikumbuka maharagwe jikoni. Kila mwaka, masika yakipunguza watalii, kampuni iliwaruhusu madereva kwenda na wake zao mbugani, siku mbili bila malipo. Zamani watoto wadogo walimzuia. Sasa walikuwa wakubwa, na Kahindi alimletea ile barua ya mwaliko mkononi huku amejawa na tabasamu.

"Sitaki," Kafedha alisema.

Kahindi aliikunja barua yake, akasema, "Haya." Mwaka uliofuata akaileta tena, akajibiwa vilevile. Aliileta miaka kumi na mmoja. Halafu presha ikamwangusha asubuhi moja akijiandaa kwenda kanisani, na hawakumuwahi. Kafedha alimlilia mumewe kwa uchungu wote alioujua, na ndani ya uchungu huo alikuwa bado amemkasirikia. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani jambo kama hilo?

Sasa ulikuwa mwaka wa tatu tangu wamzike. Caroline, kitinda mimba wake, muuguzi wa hospitali moja Changamwe, alimjia na habari kwamba amemlipia safari ya Tsavo Mashariki, walale usiku mmoja, na dereva atakuwa Jacktone, aliyefanya kazi na baba miaka mingi. Alijiandaa kumbembeleza mama yake. Lakini Kafedha alijibu palepale, "Tutatoka lini?"

Caroline alidhani mama yake amewatamani ndovu. Kafedha alikuwa anakwenda kumtafuta mwanamke.

Walitoka Kiembeni alfajiri kwa gari la watalii, lile la paa la kuinuliwa. Mariakani walikunywa chai na mahamri, wakapita misururu ya malori, na jua lilipokuwa limeanza kuuma wakaingia mbugani kwa lango la Bachuma. Jacktone, Mjaluo mrefu wa maneno mengi, alishuka, akainua paa, akasema, "Shem, sasa simama uone vitu."

Kafedha alisimama. Ardhi yote ile ilikuwa nyekundu mpaka upeo wa macho, na kichuguu kilikuwa chekundu, na pundamilia waliojigaragaza walikuwa wekundu kwenye mistari yao. Alilitambua vumbi lile mara moja. Ilikuwa kama ameingia ndani ya beseni lake la zamani. Alimsikia Kahindi akinywa chai, na akamtamani mumewe kiasi cha kushika chuma cha paa kwa mikono miwili.

"Ule mwamba mrefu kule," alisema, "siyo Mudanda, ambapo chui aliiba kapu la chakula?"

Jacktone alipunguza mwendo, akageuka. "Shem, kwani ushawahi kuja huku?"

"Sijawahi."

"Na hayo ya chui umeyajua aje?"

"Niliambiwa nikifua."

Njia nzima ikawa hivyo. Jacktone akitaja mahali, Kafedha alimalizia kilichotokea pale: gari lililozama mchangani kando ya mto, Mfaransa aliyetaka kushuka akampapase twiga. Caroline alimtazama mama yake kwa mshangao. Miaka mingi hakuwa amemsikia akizungumza habari za mbuga, wala hakujua kwamba zote alikuwa amezihifadhi. Kafedha mwenyewe hakujua. Hadithi zote zilikuwa za kabla ya upasuaji, na kila aliyoikumbuka ilimchoma, kwa kuwa baada yake kulikuwa na miaka mingine kumi na mmoja ambayo hakuwa na lolote la kukumbuka.

Walifika kambini adhuhuri, wakala. Caroline akasema atajinyoosha kidogo, akapitiwa na usingizi. Kafedha akajitanda leso, akazunguka nyuma ya jikoni, ambako wageni hawaendi. Alikuta nyumba ndefu ya vyumba vya madereva, bomba, na kamba za nguo zimejaa mashuka meupe. Katikati ya mashuka alikuwako mwanamke mmoja, mnene wa haiba, wanja machoni, kilemba kimefungwa kwa madaha.

Ndiye, Kafedha alisema moyoni. Maneno alikuwa nayo tayari, ameyapanga siku nyingi, na mengine si ya mtu wa kanisani.

"Hodi," alisema.

"Karibu, dadangu. Umepotea? Vyumba vya wageni viko upande wa pili."

"Sikupotea. Mimi ni mke wa Kahindi. Dereva."

Mwanamke yule aliangusha shuka ndani ya kapu, akapiga makofi. "Kahindi wa beseni! Wallahi ndiwe mwenyewe? Karibu, karibu mama. Mimi ni Salha, nasimamia udobi hapa. Tulipata habari za msiba tukalia. Pole sana." Akamshika mikono yote miwili.

Kafedha aliiacha mikono yake ishikwe, kwa sababu hakuwa amepanga la kufanya mtu akimchangamkia. "Mbona wamwita hivyo?" aliuliza.

"Hujui? Hebu keti." Salha alipindua ndoo, akaifuta kwa upindo wa leso. "Siku moja alinijia hapa akaniomba beseni na sabuni. Nikamwambia, lete hizo nguo, mimi nafua za kambi nzima, mashati mawili yatanishinda? Akakataa katakata. Akasema mke wangu ametoka kupasuliwa, haruhusiwi kuinama, nikimpelekea nguo chafu atafua tu, namjua. Na mwenyewe hataki nguo zangu zishikwe na mwanamke mwingine. Basi akavua shati, akachutama pale bombani, akafua. Hajui kufua, maskini! Madereva wenziwe walimcheka mpaka wakaketi chini."

Kafedha alitazama bombani. Palikuwa na jiwe bapa na maji yaliyotuama.

"Hiyo ilikuwa miezi mitatu," alisema polepole. "Mimi nilipona."

"Na mimi nilimwambia. Nikasema, baba, mkeo si keshapona, wajitesa nini? Akasema, acha nimpumzishe, kanifulia miaka kumi na sita. Akaendelea hivyo hivyo hadi mwisho, na kufua akajua." Salha alicheka, kisha akashusha sauti. "Nilimuuliza siku moja, je, mkeo alikushukuru? Akasema hukusema kitu, lakini yeye aliona umeridhika."

Kwanza Kafedha alifurahi, na hili lisemwe kama lilivyokuwa. Hapakuwa na mwanamke. Furaha ilimpanda kifuani, ya msichana wa miaka ishirini, akataka kuinuka amkumbatie Salha. Kisha akakumbuka kila jioni aliyokimbilia maharagwe, na mwanamume aliyeachwa peke yake na hadithi mdomoni, mikono yake imekauka kwa sabuni na mkewe hakupata hata kuitazama. Furaha ikamtoka. Aliinama juu ya ile ndoo akalia kwa sauti, na Salha, akidhani ni msiba, akampapasa mgongo na kumwambia kila nafsi itaonja mauti.

Jioni Jacktone aliwapeleka upande wa Aruba. Caroline alimwona mama yake amevimba macho, akamuuliza, akaambiwa ni vumbi. Hawakwenda mbali kabla ya kukutana na ndovu. Walikuwa zaidi ya thelathini, wekundu kama ardhi yao, wakivuka barabara taratibu kuelekea majini, watoto katikati. Jacktone alisimama, halafu akaanza kurudisha gari nyuma.

"Wafanya nini?" Kafedha aliuliza.

"Tulia, Shem. Nakupeleka mbali nao kidogo."

"Kwa nini?"

"Si unaogopa ndovu? Kahindi alituambia. Zile siku za mabibi, sisi wote tulikuwa tunakuja na mabibi zetu, yeye anakuja peke yake. Tukimuuliza, anasema bibi yangu anatamani kuja, anatamani kabisa, lakini ndovu ndio anaogopa. Hata aliniomba, Jack, siku nikimleta, gari lisimame mbali."

Caroline aliangua kicheko. "Mama yangu? Huyu aliyemuua nyoka kwa mwiko?"

Kafedha hakucheka. Hakuwahi kusema anaogopa ndovu. Alichosema ni sitaki, mara kumi na moja, na Kahindi hakulifikisha neno hilo kwa mtu yeyote.

"Rudisha gari palepale, Jacktone. Zima injini."

Injini ikazimwa. Ndovu jike mkubwa alipita karibu nao sana, wakasikia masikio yake yakipiga mabega na majani yakikatika chini ya miguu. Kafedha alisimama, kichwa nje ya paa, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Carol," alisema, "siwaogopi hawa. Baba yako alinialika huku kila mwaka, nikamkatalia kwa sababu nilidhani ana mwanamke. Hakuwa naye. Alikuwa akijifulia nguo zake ili mimi nipumzike. Na sikumuuliza. Kafa sijamuuliza."

Caroline alisogea karibu naye. Alimshika mama yake kiunoni, akamkumbatia hivyo hivyo amesimama. Jacktone alitazama mbele.

Ndovu wa mwisho alipokwisha kuvuka, Jacktone aliuliza kwa upole kama waende.

"Bado," Kafedha alisema. "Nambie. Akija zile siku peke yake, alikaa wapi?"

Jacktone alikohoa. "Gari lilikuwa hili hili. Yeye alikaa kile kiti cha nyuma, cha kando ya njia ya katikati ya viti. Mtu akitaka kuingia kukaa na yeye kwa kile kiti cha dirishani, anamwambia pana mtu. Tulikuwa tunamcheka, unajua madereva. Anacheka na sisi, lakini hapo hakai mtu."

Kafedha aliuliza ni dirisha la upande gani. Jacktone akamwonyesha. Kafedha akashika migongo ya viti, akaenda nyuma polepole, akaingia kwenye kile kiti cha dirishani, akakaa.