Wiki ya Kupima Mashine

Fundi wa mashine za kupoza pale hospitalini walimwita Sweta, maana alivaa sweta hata jua likiwaka la kukaangia yai. Miaka kumi na tisa alizilea mashine tatu zilizopeleka maji baridi vyumba vya upasuaji na wodi ya mahututi, na hakuna aliyemkuta na kosa. Kosa lake la kwanza alilifanya kwa mapenzi, jamani, na hayo ndiyo mabaya kuliko yote.

Mdogo wake alileta programu ya kompyuta ya kuendesha zile mashine kwa umeme kidogo. Hospitali ikasema ipimwe kwanza: wiki moja Sweta aendeshe kwa mkono kama kawaida, wiki ya pili iendeshe programu, kisha mita zilinganishwe. Haki tupu. Ila mdogo mtu alikuwa hajawahi kufanikiwa jambo, na mama yao alishasema, "Huyu akikwama tena, mtanizika mimi." Damu nzito kuliko maji. Asubuhi ya kwanza ya wiki yake, Sweta akafungua kidogo tu ile valvu inayorudisha maji baridi kwenye mashine kabla hayajafika wodini. Basi mashine zote tatu zikahema wiki nzima kupoza maji yaliyokwisha poa, na mita ikakimbia. Siku ya saba akaifunga, akanawa mikono.

Ikaja wiki ya programu. Umeme ukashuka kwa theluthi, na mashine ya tatu haikuwashwa hata mara moja. Watu wakapiga makofi. Sweta alitaka mdogo wake apate kazi tu, yaishe. Kumbe mganga mkuu wa hospitali naye ana yake.

"Kama mbili zinatosha, ya tatu inakaa hapa kufanya nini? Hospitali ya wenzetu mashine yao imekufa, wapelekewe hii. Fundi, andika kwamba mbili zinatosha, utie sahihi."

Ilikuwa miezi ya baridi. Alijua fika kwamba joto likianza zote tatu hazipumziki. Lakini angesema nini bila kusema na lile la valvu? Akatia sahihi.

Siku winchi ilipokuja kuichukua mashine ya tatu, alimvuta mdogo wake pembeni, akamweleza yote.

"Kaka, mimi niliona tangu siku ya pili," mdogo wake akasema taratibu. "Maji yalikuwa yanarudi baridi. Kompyuta ilikuwa inasoma vipimo hata wiki yako, haifichwi kitu."

"Na ukanyamaza?"

"Wewe ulinyamaza kwa ajili yangu. Mimi nikanyamaza kwa ajili yako. Joto likija nitairekebisha programu."

"Programu haitoi baridi, wewe! Baridi inatoka kwenye mashine!"

"Basi nenda kawaambie."

Hakwenda. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Sweta methali hiyo aliijua tangu utotoni, lakini alisimama pale pale akaitazama mashine ikipakiwa kwenye lori. Aliogopa. Tusimpambe, aliogopa tu.

Joto likaja mwezi mzima kabla ya wakati wake. Jumanne saa sita mchana mashine mbili zilikuwa zinaunguruma hadi sakafu inatetemeka, na skrini imeandika kwa kijani: umeme uliookolewa, asilimia thelathini na tatu. Simu ikalia. Alikuwa Sista wa chumba cha upasuaji.

"Sweta, huku tumefika nyuzi ishirini na nane! Daktari jasho linamtiririka, na mgonjwa kifua kiko wazi. Washa ya tatu!"

"Ya tatu haipo, Sista. Ilipelekwa."

"Ilipelekwa? Ni mjinga gani aliyesema mbili zinatosha?"

Sweta alivua sweta kwa mkono mmoja, simu bado iko sikioni. Mwili mzima ulikuwa umelowa.

"Mimi," akasema.

Alimsikia Sista akigeuka, akisema kwa sauti ya chini, "Daktari, hakuna nyingine."